Mlima Uliokoroma Mnadani

Nianze kwa kukiri kwamba hadi leo nikipita karibu na kanisa la kwetu Machame nainamisha kichwa, kwa sababu wapo watu pale ambao hawanijui kwa jina, wananijua kama yule aliyempiga mnada baba yake mkubwa.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, magazeti ya katuni yakizuka kila kukicha, na mimi na mwenzangu Ombeni tulikuwa tumepanga chumba kimoja mjini, mtaa wa Pasua, tunachora kutwa nzima na kazi tunaituma Dar kwa basi. Tukapata mwaliko wa kwenda Ujerumani miezi mitatu, kuchora na kufanya kazi na wachora katuni wa huko. Mwaliko ulisema wazi kwamba tutachora watu halisi, stesheni na barabarani, papo kwa papo, na hapo ndipo tulipoingiwa na ubaridi, maana watu wetu wote tulikuwa tunawatoa kichwani. Tukaanza mazoezi, na mimi nikiamua jambo huwa siachi: nilichora wauza ndizi, nilichora wapiga debe wa stendi, nilimchora fundi cherehani mmoja mpaka akanitupia rula.

Iliyobaki ilikuwa pasipoti. Yangu ilihitaji mdhamini, na mdhamini alikuwa baba mkubwa, mzee wa kanisa, ambaye tangu baba afariki ndiye pekee katika ukoo aliyesema kuchora ni kazi (wengine walikuwa bado wananiuliza nitaanza lini kazi). Tulikubaliana Jumatatu asubuhi tushuke wote mjini, Uhamiaji. Bila yeye hakuna safari.

Jumapili, siku moja kabla, usharika ulipanga kuniombea. Baada ya ibada kwetu huwa kuna mnada wa sadaka za shambani, mikungu ya ndizi, mayai, kuku, maziwa, nami nikaona si vizuri kwenda mikono mitupu, nikachora kilele cha Kibo, mlima wetu, kwa wino kwenye karatasi kubwa, ya mwisho niliyokuwa nayo. Ombeni angekuja na kadibodi na gundi tuibandike kwa nyuma kabla ya mnada.

Mahubiri yakawa marefu. Wazee wa kanisa kwetu hukaa mbele wakitutazama, na baba mkubwa akasinzia. Tena si kusinzia kwa adabu: kichwa nyuma, mdomo wazi, meno yaliyobaki yote hadharani. Nikajiambia, mtu halisi si ndiye huyu, stesheni ya Ujerumani itanipa nini zaidi? Nikageuza karatasi (nyuma si patabandikwa kadibodi, nani ataona?) nikasema nivute mistari miwili tu. Mistari miwili ya mchora katuni haijawahi kuwa miwili. Katuni inataka ukikuze kile kinachoonekana, na kilichoonekana ni mdomo, basi nikaukuza mpaka ukawa pango, nikaukoleza wino ndani.

Sijainua kalamu vizuri, mama mmoja mhudumu akapita akikusanya vitu vya mnada. "Lete mwanangu, Bwana akubariki," akaichomoa mkononi. Nilikuwa katikati ya benchi, magoti ya watu kushoto na kulia, mchungaji bado anahubiri. Ungekuwa wewe ungepiga kelele?

Ibada ilipoisha, hadi nipenye mlangoni vitu vyote vilikuwa vimeshafika kwa dalali. Nje jua lilikuwa kali. Ombeni hajafika (alifika baadaye na kadibodi kwapani, gundi ameisahau). Mwalimu Elisante wa kwaya, ambaye ndiye dalali wetu wa kila Jumapili, akapanda ngazi za kanisa, jua likiwa mgongoni mwake, akainua karatasi juu ya kichwa kwa mikono miwili.

"Wapendwa, mlima wetu huu hapa! Nani anaupeleka nyumbani?"

Mama mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona mlima una meno?"

Karatasi ilikuwa nyepesi na jua lilipenya, na pale kwenye theluji ya Kibo mdomo wa baba mkubwa ulikuwa umejitokeza, mweusi.

"Na unakoroma!" kijana mmoja akadakia.

Watu wakaanza kucheka. Mwalimu akaishusha karatasi, akaona kilichokuwa upande wake, na kabla hajafikiri akaigeuza ili na sisi tuone. Kicheko kilichopasuka hapo kiliwafanya hata kuku wa sadaka, waliofungwa miguu, wapige kelele.

Baba mkubwa mwenyewe alikuwa kwenye kiti kando ya meza ya mayai, amelala tena. Kelele zikamwamsha. Picha hakuiona, aliona watu wanacheka na mimi nimejishika kichwa, akasimama na fimbo yake.

"Mnamcheka kijana wangu? Huyu anakwenda Ulaya, ninyi mnacheka? Natoa mbuzi!"

"Mzee, labda ungeitazama kwanza..." Mwalimu akamwambia.

"Nimesema mbuzi!"

Hakuna aliyeongeza dau juu ya mbuzi. Akakabidhiwa picha yake. Aliitazama muda mrefu, akaikunja, akavaa kofia, akaondoka bila kusubiri maombi yangu.

"Tafuta mdhamini mwingine," Ombeni akaninong'oneza. "Huyo umeshampoteza."

"Mdhamini labda nitampata," nikamwambia, "lakini siondoki nchi hii nikiwa nimemwacha hivi."

Kwetu mwenye kuomba msamaha hupeleka jani la sale, mmea tunaoupanda mipakani, na anayepelekewa hana budi kusikiliza. Nikapanda hadi kihambani kwake, kwenye migomba yake, nikachuma jani kwenye ua. Mama mkubwa, mkewe, akanipokea akizuia kicheko. "Yuko macho," alisema. "Ameapa leo halali."

"Shikamoo, baba mkubwa."

Hakuitikia. Akatazama jani.

"Hilo umelitoa wapi?"

"Hapo kwenye ua, baba."

"Yaani unavunja mpaka wangu uje uniombe msamaha kwa mali yangu?" Akanionyesha kigoda kwa fimbo. "Kaa. Nichore. Nichore nikiwa macho, nione."

Mama mkubwa akanipa karatasi iliyofungiwa sukari. Mzee akakaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho, na sijamaliza pua, macho yakafunga. (Huamka kabla jogoo hajawika, akawakatie ng'ombe majani, jambo ambalo nilikuwa nalijua tangu utotoni na kanisani sikulikumbuka.) Nikaweka kalamu chini. Mama mkubwa akapita na ndoo ya maziwa, akaniashiria nimwamshe, nikatikisa kichwa. Nikasubiri mpaka kivuli cha migomba kikatufikia.

"Umemaliza?" akashtuka.

"Bado macho, baba."

"Basi chora upesi kabla hayajafunga tena!"

Nikachora upesi. Akaichukua, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Marahaba," akasema. "Kesho usichelewe."

Akanidhamini, tukasafiri. Lakini nilijiwekea nadhiri na sijaivunja: nyuma ya karatasi sichori, hata ikiwa ya mwisho, na aliyelala simchori, nakaa namsubiri. Huko Ujerumani treni ilituacha, Ombeni akinitukana kwa Kichagga, kwa sababu kuna babu mmoja kwenye benchi la stesheni alikuwa hajafumbua macho.