Aliyevuta Kutoka Chini ya Tope

Kabla ya kuwasha tingatinga lake, Naftaly arap Keter anavua viatu.

Anavifunga kamba pamoja, anavitundika kwenye kiti, kisha anashuka na kutembea peku juu ya tope lililoganda mbele ya mashine. Anakwenda polepole, kisigino kwanza, kama mtu anayepita karibu na mgonjwa aliyelala. Jua ndiyo kwanza linagusa kile kilima cha ng'ambo ya Ziwa Elmenteita, kilima kinachofanana na mtu aliyelala chali. Mvuke unatoka ardhini pasipo na moto. Heroe wamejaa majini, wekundu tele, na hata mmoja halii.

"Pakiwa na baridi, chini kuna maji," anasema bila kuinua macho. "Pakiwa na joto, chini ni patupu. Mimi napenda mahali ambapo mguu hausikii habari yoyote."

Akiridhika, anapanda. Kazi ya kwanza ni kuondoa kopo. Kila dereva wa tingatinga hufunika bomba la moshi kwa kopo tupu la samli anapomaliza kazi ya siku, umande na mvua visiingie kwenye injini. Kopo hilo hufungwa kwa waya lisipotee. Asubuhi huinuliwa, likaning'inia pembeni mwa bomba mchana kutwa, likigongagonga kama kengele ya mbuzi.

"Nikisikia likigonga najua niko kazini," anasema. "Likinyamaza, nimeenda kula."

Mashine ina uzito wa tani kumi na mbili. Kazi yake ni kusukuma mawe na udongo kujenga tuta la barabara litakalokata uwanda huu wa magadi hadi upande wa reli. Mvua za mwaka huu wa 1956 zimechelewa kuisha. Tope hapa hudanganya: juu ni gamba jeupe, gumu kama sakafu, chini ni uji usio na mwisho. Ndege wanaofia juu yake hawaozi upesi. Hukauka wakiwa na manyoya yao, wengine wamesimama.

Naftaly, mwenye umri wa miaka thelathini na mitatu, alijifunza kazi hii jeshini, kule Burma, akivuta malori yaliyozama. Aliporudi Kericho alimfundisha mdogo wake, Kiplangat. Wote wawili waliajiriwa na kampuni moja ya ujenzi. Ila Kiplangat ndiye aliyetangulia kuletwa Elmenteita.

Miaka miwili iliyopita, katika mvua za masika, Kiplangat na tingatinga lake walitoweka katika uwanda huu. Siku hiyo alikuwa peke yake, ukungu ulikuwa mzito, na kulipokucha kesho yake palikuwa na gamba jeupe tupu, limejifunga. Kampuni ilisema aliegesha mashine jioni mahali pabaya, akatoroka kazi, nayo ikazama yenyewe usiku. Wakati huu wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikisaka waasi, mtu akiitwa mtoro, hata majina ya ndugu zake huulizwa kwenye vizuizi vya barabarani. Mkewe, Cherono, alitolewa kwenye nyumba ya kambi.

"Niliomba mwenyewe kuletwa hapa," anasema Naftaly. "Watu walidhani nina wazimu. Nilitaka kujua jambo moja tu. Alishuka, au hakushuka?"

Cherono sasa anauza maziwa lala nje ya kambi. Hakunyoa nywele kama mjane wala hakuvaa nguo za msiba. "Kama alitoroka, basi yuko hai," huwaambia wanaomcheka. "Mniache na mtoro wangu."

Asubuhi hii, jua likiwa limepanda kiasi, gamba linavunjika.

Hakuna mlio mkubwa. Ni kama mtu aliyevuta pumzi. Upande wa kushoto wa tingatinga unashuka, na mnyororo wa gurudumu unamezwa hadi katikati. Naftaly anazima injini papo hapo.

"Mbona unazima?" nyapara Zeddy anapiga kelele kutoka juu ya tuta. "Ongeza mafuta, toka hapo!"

"Nikiongeza naenda chini, mzee."

"Mashine ya kampuni ikizama, na wewe utafute shimo lako ulale!"

"Shimo si hili hapa, nyapara? Njoo tupimane nani anaenea."

Vibarua wanacheka, lakini hawasogei. Tangu masika yale wanasema uwanda huu hula siku moja na kunyamaza miaka.

Dereva mgeni hapa hukanyaga mafuta, Naftaly anaeleza baadaye. Minyororo huzunguka, mtikisiko hugeuza tope kuwa maji, na mashine hujichimbia. Dereva mzoefu hunyamaza kwanza. Kisha hutafuta kitu cha kujivutia. Nyuma ya tingatinga kuna winchi yenye waya mrefu wa chuma. Ukiufunga kwenye mti mkubwa, mashine hujivuta yenyewe. Lakini Elmenteita, upande huu, hakuna mti. Inabidi uchimbe handaki, ufukie gogo, na waya ushike gogo hilo lililozikwa.

Anayechimba ni Hezekiah Lusweti, mfunga minyororo, mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Amefanya kazi na Naftaly tangu alipofika. Anachagua mahali pagumu nyuma ya mashine, anachimba hadi kifuani, akiimba wimbo wa kanisani. Ghafla wimbo unakatika.

"Dereva," anaita. "Njoo. Njoo peke yako."

Sururu imegonga chuma. Katika ukuta wa shimo limetokeza bomba, wima, limejaa tope hadi mdomoni. Hezekiah anafuta udongo kwa kiganja. Pembeni mwa bomba, kwenye waya wake, limening'inia kopo la samli.

Halikufunika. Limening'inia.

Naftaly anapiga magoti. Analishika kopo, analigeuza, analirudisha lilivyokuwa. Hezekiah, ambaye huwa hakosi maneno, anavua kofia.

"Hakufunika," Naftaly anasema. "Siku ilikuwa haijaisha. Alikuwa kazini."

Zeddy anashuka kutoka kwenye tuta, anachungulia, anarudi nyuma hatua kadhaa. "Fukieni," anasema. "Fukieni haraka, tuchimbe pengine."

"Pengine wapi, nyapara? Mashine inashuka. Angalia." Ni kweli. Mnyororo wa kushoto hauonekani tena.

"Basi tufanyeje?"

Naftaly anaonyesha chini. "Tani kumi na mbili. Imeshikwa na tope pande zote. Gogo gani litazidi hilo?"

Hezekiah anamtazama. "Tumfunge huyu?"

"Chimba upande wa mbele tu, kwenye kile chuma kinachokinga rejeta. Pitisha mnyororo hapo." Anasita. "Nyuma ya bomba usichimbe. Nyuma kuna kiti. Leo hatuna sanda."

Wanachimba wote wawili, bila wimbo. Tope ni la uvuguvugu mkononi. Mnyororo ulipopita nyuma ya chuma kile, Hezekiah anaapa baadaye, ulipita kwa urahisi, kana kwamba kuna mtu aliyeupokea upande wa pili. Naftaly hakubali wala hakatai. "Chini ya tope huwa kuna nafasi tupu," anasema. "Ila mkono wa upande wa pili haukuwa wangu."

Waya unafungwa. Naftaly anapanda kwenye kiti kilichoinama, anaweka mkono kwenye winchi, anasema maneno mawili matatu kwa Kikipsigis kabla ya kuwasha. Hakuna anayemuuliza. Anayatafsiri mwenyewe jioni: "Nilimwambia, Kiplangat, shika."

Injini inanguruma polepole. Waya unainuka kutoka kwenye tope, unanyooka, unaanza kulia. Gamba lote linatetemeka hadi miguuni mwa vibarua. Kutoka kwenye shimo yanapanda mapovu makubwa, mazito, yakipasuka moja baada ya jingine, na hewa inajaa harufu ya dizeli ya zamani. Kibarua mmoja anakimbia. Wengine wanashikana mikono.

Mashine ya juu inayumba. Ya chini haisogei hata kidogo.

"Amekanyaga breki," ananong'ona Hezekiah.

Hakuna anayecheka.

Kisha mnyororo wa kushoto unajitokeza, mweusi, ukidondosha tope, na tingatinga la Naftaly linarudi nyuma kidogo kidogo hadi ardhi ngumu. Anazima. Anashuka. Anafungua mnyororo wa shimoni kwa mikono yake mwenyewe, na badala ya kufukia, anasimika fito nne kuzunguka shimo.

Zeddy amerudisha sauti yake. "Kampuni haitatoa mashine kwa kazi ya makaburi, Keter. Nakwambia mapema."

"Sijaomba mashine."

"Na ile habari ya mtoro?"

"Wewe umeona kopo, nyapara. Ukiulizwa utasema umeona nini?"

Zeddy anatazama ziwani. "Nitasema lilikuwa limening'inia," anajibu. "Hilo siwezi kulificha. Hata nikilificha, wewe Hezekiah utapiga mbiu mpaka Naivasha."

Mpango wa Naftaly wa kumtoa mdogo wake ni wa Januari. Kiangazi kikikaza, uji huu hushuka na gamba hushika hadi kimo cha mtu. Wakati huo watu wenye majembe wanaweza kuchimba hadi kwenye kiti bila kumezwa. Mchungaji wa kanisa lao ataombwa aje kutoka Kericho. Kaburi litakuwa nyumbani, karibu na la baba yao. "Magadi yanatunza," anasema. "Nitamkuta kama nilivyomfundisha kukaa, mgongo wima."

Kinachomtisha si tope. Jioni anapokwenda kwa Cherono anatembea polepole kuliko asubuhi. Mwanamke huyo anaosha vibuyu. Anaona miguu peku ya shemeji yake, imeganda nyeupe hadi gotini, anaacha kuosha.

"Umeona nini, shemeji?"

Anamweleza. Bomba, kopo, waya. Anajua anachomnyang'anya: miaka miwili ya mtoro aliye hai mahali fulani, anayeweza kurudi. Cherono anasikiliza akishikilia kibuyu kifuani.

"Halikufunika," anarudia.

"Halikufunika."

"Kwa hiyo hakuniacha."

"Hakukuacha."

Analia kidogo, kimyakimya, kisha anafuta uso kwa kitambaa cha kichwani na kukifungua kabisa, nywele zake za miaka miwili zikaonekana.

"Kesho nitanyoa," anasema. "Hiyo Januari, mna majembe ya kutosha?"

"Tutaazima."

"Msiniazimie mimi. Nitakuja na langu."

Naftaly anasema atamwachia achimbe pale nyuma ya bomba, penye kiti.