Mpaka Waanze Wao

Sauti ya kanda ya kaseti ikipakia mchezo kwenye kompyuta ilikuwa kali ya kukereketa meno: mlio mwembamba, halafu mkoromo, halafu mlio tena, huku sisi watoto tumekaa kitako mkekani tukiomba umeme wa Malindi usikatike kabla kanda haijafika mwisho. Ami yangu, aliyekuwa akifanya kazi Maskati, ndiye aliyetuletea kompyuta ile katikati ya miaka ya themanini, ikachomekwa kwenye televisheni ya babu isiyokuwa na rangi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na sikumbuki kitu nilichokipenda zaidi yake.

Ulikuwa mchezo wa falme nne, mmoja wako na tatu za mashine. Binamu yangu Athumani, aliyenizidi miaka minne na maringo arubaini, ndiye aliyegundua siri yake. Ukivunja amani wewe, falme zote zinakugeukia. Ukivamiwa, zinakuja kukusaidia. "Usianze weye," alinifunza. "Mchokoze mpaka aanze yeye." Basi tukawa mafundi wa uchokozi. Tulipiga kambi mpakani bila kuvuka. Tukiletewa zawadi ya ngamia kumi, tulirudisha mmoja. Wajumbe wao tuliwaacha wangoje mlangoni. Mashine ilivumilia, ikavumilia, kisha kioo kikaandika kwa Kiingereza kwamba mfalme wa kaskazini ametangaza vita, nasi tukashangilia kama watu waliodhulumiwa. Nakiri kwamba baada ya muda nilimshinda hata Athumani. Ubaya wa elimu ni kwamba haikai pale ulipofunzwa.

Ikaingia Ramadhani. Jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Rukia, mama yake rafiki yangu Mwanaisha, niliyecheza naye mchezo ule kila tukitoka chuoni kusoma Kurani. Mumewe alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta kazi. Magharibi ikikaribia, mama alipakua futari kwenye sahani, akaifunika kawa, nami nikaipeleka kwa Bi Rukia. Kesho yake sahani ilirudi na kitu ndani. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Kama huna cha maana, unaweka hata ndimu mbili. Lakini siku ya tano sahani yetu tuliikuta barazani imeoshwa, imekaushwa, haina kitu. Siku ya sita vile vile. Mama alisema, "Kasahau tu, ana mambo yake," akaendelea kukuna nazi.

Mimi sikuridhika. Mwanaisha alikuwa haji tena kucheza, akisema kichwa kinamuuma. Bi Rukia naye alikuwa akipita kichochoro cha nyuma badala ya mbele ya baraza yetu. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia. Hawa wanatuchokoza ili mama apayuke, mtaa mzima useme sisi ndio wabaya. Na kwa nini? Wivu wa kompyuta, niliamua. Nilikuwa na kila kitu isipokuwa ushahidi. Nilimpenda Mwanaisha, na hilo ndilo lililoniuma: kama ni kuachana, basi nilitaka awe yeye aliyeniacha.

Siku ya saba, kabla sijabisha hodi, nilitoa sambusa mbili nikawapa paka wa kichochoroni. Siku ya nane nikatoa na vitumbua. Bi Rukia alipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, mwanangu. Mwambie mamako Mungu amzidishie." Hakukunja hata uso, na hapo ndipo nilipomwogopa. Athumani alikuwa akisema kwamba adui asiyekasirika ana jeshi kubwa kuliko unaloliona. Siku ya tisa paka walipata zaidi. Siku ya kumi walikula yote, nami nikapeleka sahani tupu chini ya kawa. Bi Rukia aliinua kawa, akatazama, akaishusha taratibu. Nyuma yake Mwanaisha alikuwa amekaa na kikombe cha maji, anangoja adhana. "Ahsante," alisema Bi Rukia. Kisha akauliza, "Mamako hajambo lakini?" Nikajibu hajambo, nikaondoka nikingoja vita.

Kesho yake alasiri alikuja mwenyewe na sahani yetu. Ndani mlikuwa na muhogo wa nazi, bado unatoa mvuke. "Waona?" mama aliniambia baadaye. "Nilikwambia kasahau tu." Nilifuturu kwa muhogo ule nikiamini wamesalimu amri. Kabla ya Idi baba yake Mwanaisha alirudi, sahani zikawa zinarudi na vitu, na Mwanaisha akarudi mkekani petu. Nilijiona mwanasiasa.

Siku hizi futari tunapelekeana kwa vikopo vya plastiki ambavyo hakuna anayevirudisha, kwa hivyo sijui jirani yangu gani ana kitu na yupi hana. Hata hivyo mtu akinipita bila salamu, naanza kuhesabu ishara zake mpaka leo. Mwaka jana nilikutana na Mwanaisha kwenye harusi huko Kilifi, sasa ana wajukuu. Tukacheka habari za kompyuta, nami kwa utani nikamwuliza kwa nini walikuwa wakiturudishia sahani tupu.

"Tulikuwa hatuna kitu, mwenzangu," alisema. "Baba alikuwa kimya huko Mombasa. Sahani ya mamako ndiyo iliyokuwa futari yetu, na mama hakutaka mtu ajue. Halafu tukaona sahani zenu nazo zapungua kila siku, mpaka ikaja tupu. Mama alilia. Akasema, maskini, nao wameishiwa, waona haya kuacha kuleta. Asubuhi akaenda Mambrui kwa dadake kuomba muhogo, akaupika wote, akawaletea nyinyi."

Nilitazama mikono yangu. Aliniuliza nina nini, nikamwambia kichwa kinaniuma.