Mkweo Anakupenda

Nafundisha Kiingereza hapa Ibra, Oman, na somo ninalolipenda kuliko yote ni la wakati. Waingereza wanahangaika nao kweli kweli. Aliyefika dakika ya mwisho wanasema kafika saa ya kumi na moja. Aliyepitwa na bahati kakosa boti. Aliyenusurika na swali la mwalimu kaokolewa na kengele. Na jambo likitokea siku isiyofaa wanaulaumu wakati wenyewe, kuwa ni mbaya. Wanafunzi wangu hucheka, nami huwaongezea mazoezi ili wakome.

Baba yangu alipofariki, maneno hayo yalinifuata mpaka nyumbani.

Alifariki alfajiri, tukamzika kabla ya adhuhuri, kama ilivyo kwetu. Mtoto wa kaka yangu, aliyezaliwa na kukulia Uingereza, alikuwa bado anatafuta ndege. Babu yake ndiye aliyekuwa akimpigia simu kila Ijumaa na kumsikiliza akikivunjavunja Kiswahili bila kumkosoa hata mara moja. Kumkosoa ilikuwa kazi yangu, tena kwa kupaza sauti kutoka jikoni. Alifika siku ya mwisho ya taazia, mchana, wageni wameshakula na sinia zinaoshwa.

Gari la kaka lilisimama mlangoni, akashuka peke yake.

"Kagoma kushuka," akaniambia. "Nenda wewe."

Nilimkuta kajikunyata kiti cha nyuma, mtandio umemwangukia mabegani.

"Nimechelewa, shangazi," akasema kwa Kiingereza. "Hata kumwona sikumwona. Bibi nitamtazamaje usoni? Nimekuja wakati mbaya."

Nilimbembeleza kwa Kiingereza changu chote, lakini chote kilikuwa cha darasani, wala hakikumfaa kitu.

Mama asingeweza kutoka kumfuata. Alikuwa kashaanza eda, na kwetu mjane aliyemo edani havuki mlango wa nyumba yake. Nilirudi ndani, nikamkuta kakaa palepale alipokaa tangu siku ya maziko, karibu bila sauti, kila sinia iliyomfikia akiirudisha.

"Yuko wapi mjukuu wangu?"

"Yumo garini, mama. Hataki kuingia. Anasema kaja wakati mbaya."

"Wakati mbaya!" Mama alikasirika, na mimi nikafurahi kumwona kakasirika. "Wakati ni wa Mwenyezi Mungu, una ubaya gani? Yallah, rudi ukamwambie, mkweo anakupenda."

Neno hilo kwetu huambiwa mtu anayebisha hodi chakula ndiyo kwanza kinapakuliwa. Nilidhani majonzi yamemchanganya.

"Mama, watu wameshakula."

"Nani kakuuliza? Nenda!"

Nikaenda. Njiani nilijaribu kuligeuza Kiingereza likanishinda, mimi mwalimu mzima. Wana misemo chungu nzima ya aliyewahi, lakini sikupata hata mmoja wenye mkwe na wali ndani yake. Basi nikamwambia hivyo hivyo, neno kwa neno, kuwa bibi yake anasema mama mkwe wake anampenda.

Akanitazama. "Lakini shangazi, mimi sijaolewa."

Kisha akacheka, kicheko kikageuka kilio, na huku analia akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kiti.

Tulipoingia, sinia kubwa ilikuwa katikati ya chumba, imefunikwa kawa. Mama alikuwa kawaamrisha wanawake wakombe masufuria yote, wali urudishwe kwenye sinia na nyama ipangwe juu, kana kwamba siku ile hakuna aliyekula. Majirani, matumbo yamewajaa, walikuwa wamekaa kuizunguka na mikono wamenawa upya. Niliwapenda wote, hata yule anayenichosha kwa maneno.

"Shikamoo, bibi," mtoto akasema.

"Marahaba." Mama akamvuta, akamkalisha ubavuni pake, akafunua kawa kwa mkono wake mwenyewe. "Unaona? Umewahi. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Akafinyanga tonge, akamlisha. La pili akala mwenyewe.