Mama anamsubiri kaka arudi amtibu mguu, na kaka siyo daktari

Shikamooni wakubwa, wadogo wenzangu mambo. Admin nakuomba usiweke jina wala picha, huku kwetu Kasulu vijijini tunajuana wote. Mimi ni binti wa miaka 17, nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani na mama. Baba alishafariki. Siyo muongeaji, hata hii nimeiandika na kuifuta mara nyingi, ila tangu jana naogopa sana.

Kaka yangu ndiye wa kwanza kwenye ukoo kufika chuo kikuu. Mama amekulia kambini Mtabila, ameitwa mkimbizi mpaka akazoea, kwa hiyo siku kaka anahitimu alilia kama ana msiba. Kaka alisomea biolojia. Lakini picha yake ya joho ilipofika kanisani mchungaji akasema, "Dokta wetu huyo!" Vigelegele vikapigwa, kaka akatabasamu tu. Baadaye akaniambia kwa Kiingereza, maana mama haelewi, kwamba tuwaache wafurahi, ameomba kusomea udaktari kwa kutumia ile digrii, kwa hiyo atakuwa daktari kweli. Alikuwa ananihadithia: mtu akimaliza anaweza kuwa wa upasuaji, wa watoto, anaweza kufundisha au kufanya utafiti. Yeye anataka kuwa wa watoto. Na ataweza, ana akili sana.

Tatizo ni mguu wa mama. Alijikata na jembe shambani, kidonda kikagoma kupona. Kaka akamwambia, "Mama, twende hospitali wakakupime na sukari." Mama akanuna. "Nimezaa muganga halafu nikapange foleni kwa wageni? Au unaona kinyaa mguu wangu, mwanangu, mwana wanje?" Mimi nilikuwa pale namenya mihogo, nikajua sasa anasema ukweli. Hakusema. Akainama, akavuta beseni, akaanza kumwosha. Dawa akanunua duka la dawa. Jirani yetu mama Neema akapita akatania, "Wewe mwenzetu una bahati, hospitali inakufuata mpaka jikoni!" Mama alicheka siku nzima.

Sasa kaka amepata nafasi, ameshaondoka kuanza mwaka wa kwanza. Mama anajua kaenda kuongeza masomo. Kabla hajaondoka mama akamwambia anifundishe, kwa hiyo siku hizi mimi ndiye ninayefunga kidonda. Nafanya kama alivyokuwa anafanya, maji ya uvuguvugu yenye chumvi, dawa, bandeji. Jana nimefungua nikakuta kidole kimoja kimekuwa cheusi na kinanuka. Nikakibonyeza. "Mama, inauma?" Akasema, "Wala. Unaona, dawa ya kaka yako imemaliza maumivu kabisa." Akaniambia nifanye haraka asichelewe kwaya.

Nikampigia kaka nalia. Akasema nimpeleke mama hospitali leo leo. Nikamwomba amwambie mama mwenyewe, amwambie ukweli. Akasema, "Nikimwambia sasa hivi ataniamini tena lini? Wewe msukume tu." Tangu hapo hapokei simu.

Nimemsukuma jamani. Nimeita bodaboda mpaka mlangoni, mama akamrudisha. "Usinitie aibu. Tutamsubiri kaka yako likizo." Nikajikaza nikasema, "Mama, kaka siyo..." Akanikazia macho. "Siyo nini?" Nikasema siyo wa kurudi karibuni. Akasema basi, tutangoja.

Nikisema, mama atajua amekuwa akijisifia kitu ambacho hakipo, mbele ya kanisa zima, na kaka hatanisamehe. Nikinyamaza, kile cheusi kinapanda. Hivi ninavyoandika yuko uani kaunyoosha mguu juani, anaimba. Nimetoka mara mbili kwenda kumwambia, nimerudi ndani na ndoo mkononi kana kwamba nilifuata maji. Nawaomba, na hasa nyie mliosoma mambo ya hospitali, nifanye nini? Na nikifika mbele yake, neno la kwanza niseme lipi?