Siku Tuliyompeleka Dada kwa Boti

Ko! Ko! Ko! Mpaka leo nalisikia lile kasia likigonga ubavu wa boti, na boti yenyewe haiendi popote, inazunguka tu kama kuku aliyefungwa mguu.

Johannesburg haina bahari, na mto wa kujivunia sijauona. Ila upande wa kaskazini kuna bustani yenye ziwa dogo na boti za kukodi. Mwaka uliofuata Kombe la Dunia, dada yangu alipoposwa, mimi ndiye niliyeropoka mbele ya watu kwamba bibi harusi wetu atafika kwa maji. Sisi ni Warundi wa ghorofa ya nne, Doornfontein, lifti ilikufa zamani. Wakwe walikuwa na nyumba yao kabisa, Soweto. Mama mkwe, Mtanzania aliyeolewa na mwanaume wa huku, alikuwa ametutania: "Nyie wa maghorofani mtatuletea mke ndani ya teksi, kabanwa na magunia?" Watu wote walicheka. Dada hakucheka. Ndipo nikaropoka.

Siku ikafika. Wakwe wamejipanga ng'ambo, meza zimeandaliwa, vuvuzela mkononi. Sisi huku tumeivalisha boti vitenge na maua hadi mbao hazionekani. Mpiga makasia ni baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Miezi miwili alikuwa akituambia amekulia juu ya pirogi, mitumbwi ya kwetu Ziwa Tanganyika, tusimfundishe maji.

Sasa, pirogi unaisukuma kwa kafi moja, uso mbele. Boti za huku zina makasia mawili yaliyofungwa ubavuni, na unayavuta ukiwa umeipa mgongo safari yako. Hilo hakuna kwetu aliyelijua. Baba mdogo alikaa na suti yake, uso kwa wakwe, mimi na dada nyuma yake, akaanza. Ko! Ko! Tukazunguka mara ya kwanza. Mara ya tatu vuvuzela zikanyamaza, kicheko kikaanza.

Mzee aliyetukodisha boti akapiga kelele kwa Kizulu kutoka gatini, "Phenduka, baba!" huku anazungusha mkono: geuka, baba.

"Baba mdogo, anasema ukae kinyume," nikamwambia.

"Nikawape wakwe mgongo? Siku ya harusi? Mtoto, una akili?"

"Eish, baba mdogo, tutazunguka hapa mpaka dada azae!"

Dada alikuwa ameinamisha kichwa, shela limemfunika, lakini niliona kidevu kinatetemeka. Nikajua akilia kabla ya kufika, hiyo ndiyo picha watakayobaki nayo wakwe maisha yote.

"Basi nipishe mimi," nikasema. "Mimi mtoto, mgongo wangu hauna cheo. Wewe kaa pale mbele, uwe nahodha, uwatazame kwa niaba yetu."

Alinitazama. Akarekebisha tai. Akahamia mbele taratibu, boti ikayumba, dada akashika vitenge.

Sikuwahi kushika kasia maishani. Nilivuta, maji yakaniruka usoni. Nikavuta tena. Boti ikatulia, ikanyooka, ikaenda! Nyuma yangu baba mdogo alikuwa anatoa amri kwa sauti ya jenerali: "Kushoto! Kulia! Polepole, tumebeba mali!" Wakwe sikuwaona hata mmoja. Nilichokuwa nacho mbele yangu ni uso wa dada tu, na katika uso ule ndimo nilimosoma safari yote. Kwanza kidevu kilitulia. Halafu akainua kichwa. Halafu akaanza kutabasamu kidogokidogo, na vuvuzela zikalipuka mgongoni kwangu, nikajua tumefika.

Mama mkwe aliingia majini na viatu vyake. "Yarabi, mkwe wangu kaja kama malkia! Nani kamleta?"

Baba mdogo akashika tai yake, akanitazama.

"Nahodha ni huyu hapa," nikasema, nikimwonyesha yeye.

Wakambeba juujuu. Dada alipopita kando yangu akanifinya shavu, naye akachukuliwa na nyimbo.

Wote walipokwenda mezani, nilibaki nikiifunga boti. Viganja vilikuwa vimetoka malengelenge. Nikatazama huku, nikatazama kule, hakuna mtu. Nikajipigia makofi matatu, polepole, maana yaliuma.