Chuma cha Mwalimu Mwantum

Mwaka mmoja wa vita, Mwantum aliaibika mbele ya darasa zima, na kosa lake lilikuwa kuamini kitabu. Alikuwa mwalimu wa fizikia, mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi, na kitabu chake cha Ufaransa kilisema hivi: ning'iniza chuma kizito kwa waya mrefu, kiache kibembee, na kabla ya saa kwisha utaona njia yake imegeuka, kwa kuwa dunia iliyo chini yake inazunguka. Kaka yake Shakuru akampa chuma cha injini kutoka gerejini. Mwantum akakitundika, akachora mstari wa chaki sakafuni, akangoja. Kengele ikalia, chuma kinaenda na kurudi palepale juu ya mstari.

Wanafunzi hawana huruma, walicheka hadi machozi. Bonfils peke yake ndiye hakucheka; juma lile alikuwa ametoka kumzika baba yake.

"Madame," alisema, "mi naona dunia ya kwetu imesimama."

Mwantum alitamani ardhi ipasuke immeze. Baadaye alikaa na hesabu, akajua: kitabu kilisema habari za Paris. Huku kwetu karibu na ikweta njia ile hugeuka polepole mno, yataka kutwa nzima. Lakini Bonfils alikuwa keshaacha shule na kuvaa gwanda, na lile jibu ambalo hakuwahi kumpa likamkaa Mwantum kooni kama mwiba wa samaki.

Miaka ikapita. Wataalamu na walimu wa fizikia wa nchi za jirani walipokuja kukutana mtaa wa Mutanga Sud, askari aliyelinda geti la ukumbi alikuwa Bonfils. Mwantum alimtambua, akapita ndani. Asubuhi ileile aliomba ruhusa, akakitundika chuma chake darini, akachora mstari.

"Na mi nilifanya hivyo Bukavu," Jovithe, mwalimu mgeni, akamnong'oneza Mwantum. "Nikakishusha kwa haya."

Hotuba zikafuatana, bunduki zikalia huko milimani, chuma kikaendelea na safari yake. Mwenda pole hajikwai. Alasiri msemaji alinyamaza katikati ya maneno yake, maana hakuna aliyekuwa akimtazama tena. Chuma kilikuwa kimechoka kidogo, lakini kilikuwa kimeuacha mstari. Vidole viwili tu. Watu wazima na shahada zao wakapiga magoti sakafuni. Mwantum akashika ukuta. Ni yeye na huo ukuta na mji mzima waliokuwa wakigeuzwa, vita na yote, na hakuna mkono uliowasukuma.

Saa ya amri ya kutotembea usiku ilikuwa inakaribia. Akatoka hadi getini.

"Bonfils, mutoto wangu, kuja uone."

Bonfils akamwachia mwenzake bunduki, akamfuata. Alichuchumaa, akaweka vidole vyake kati ya chaki na njia ya chuma, akakaa hivyo muda mrefu.

"Madame, hata ile siku dunia ilikuwa inatembea?"

"Hata ile siku."

Ufunguo wa geti alikuwa nao Bonfils mfukoni. Wageni walisimama na mikoba yao wakingoja kufunguliwa, jua likizama, na hakuna aliyemharakisha.