Namukasa na Mume wa Saa Kumi na Moja

Namukasa alikuja Juba kutoka Masaka akiwa na cherehani, sanduku la nguo, na mwanamume aitwaye Kato. Mwaka haukuisha, Kato akasema anarudi Kampala mara moja kutafuta vipuri vya gari. Huenda hadi leo anavitafuta. Namukasa hakumfuata. Alipanga chumba chenye kibaraza hapa kwetu Hai Malakal, katika ua wa Mzee Jubek, akaanza kushona mapazia, sare za kwaya, na kupinda zile lawa ambazo wanawake wa Juba hujifunga begani siku za sherehe. Miaka ikapita hivyo. Ukipita kibarazani kwake ulisikia cherehani, na kama hukumsalimu ulisikia na mdomo wake.

Sasa, palikuwa na kijana mmoja, Gune, aliyezaliwa na kukulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, kisha akasomea utengenezaji wa filamu Kampala. Alipofika Juba alichoshwa na jambo moja: kila mtu aliyemkuta alikuwa anasifu zamani. Zamani Juba ilikuwa safi. Zamani watu walikuwa na adabu. Ukiuliza zamani ipi, hakuna aliyejua, maana waliosema hivyo wengi wao walizaliwa kambini kama yeye, au porini wakati wa vita.

Basi Gune akaamua kutengeneza filamu ya kuwacheka. Ilihusu mtaa mmoja uliorogwa ukakwama katika miaka ya hamsini. Humo kila kitu ni rangi ya jivu. Nyumba zinafanana, wake wanapika chakula kimoja, waume wanarudi kutoka kazini saa ileile na tabasamu lilelile. Mpaka siku mke mmoja anafungua sanduku, anakuta kitambaa chekundu, na rangi zinaanza kuenea mtaani kama surua.

Mtu mwingine angeondoa rangi kwa kompyuta. Ya Gune haikuweza. Akaona ni rahisi zaidi kuupaka mtaa rangi.

Alimfuata Namukasa kibarazani. "Mama, nataka uwe mke wa mfano."

"Mimi hapana jua kuigiza."

"Hutaigiza. Utatabasamu tu."

"Siku mzima?"

"Siku nzima."

Namukasa alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Hiyo kazi iko ngumu, ssebo," alisema. Lakini alikubali.

Kuta zetu zikapakwa chokaa iliyochanganywa na jivu. Nyasi hazikuota, kwa hiyo vikatandazwa vipande vya majamvi mbele ya kila mlango, vikapakwa rangi, ikawa ndiyo bustani. Mbwa wote wa mtaa walikataa kufungwa kamba, basi mbuzi wa Mzee Jubek akafanywa mbwa. Sisi wenyewe tulijipaka jivu usoni na mikononi. Siku hiyo Mmundari mmoja alipita na ng'ombe wake, yeye mwenyewe amejipaka jivu vizuri kama desturi ya kwao. Alisimama akatutazama kwa huruma. "Mmesahau masikio," alisema, akaendelea na safari.

Mume wa Namukasa katika filamu alichaguliwa kwa sababu ya kofia. Gune alikuwa amepata kofia moja ya heshima katika mitumba ya soko la Konyokonyo, na kichwa pekee kilichoienea kilikuwa cha Soro, dereva wa boda, kapera mrefu, mpole, asiyependa maneno. Kazi yake ilikuwa kuingia uani saa kumi na moja jioni, amevaa tai na kushika mkoba, na kusema, "Mke wangu, nimerudi."

Naye Namukasa anajibu, "Karibu, mume wangu. Siku yako ilikuwaje?"

"Nzuri kama jana."

Wakati huohuo, milango yote ya mtaa inafunguka, waume wote wanasema vilevile, wake wote wanacheka kicheko kimoja. Gune alikuwa akijificha nyuma ya kamera akicheka mpaka machozi.

Kazi ilipokwisha, alitushukuru, akatugawia sabuni, akaenda zake kuunganisha filamu.

Kesho yake, saa kumi na moja jioni, Soro aliingia uani amevaa tai. Uso wake ulikuwa na jivu.

"Mke wangu, nimerudi."

Namukasa aliinua kichwa. Alitafuta kamera, hakuiona. Kisha akasikia milango ya jirani ikifunguka yote, na sauti za wanaume zikija moja baada ya nyingine: nimerudi, nimerudi, nimerudi. Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa.

"Karibu, mume wangu," alisema. "Siku yako ilikuwaje?"

Sijui nani alianza. Mzee Jubek alidai ni watu wenyewe. Alichosema yeye tu, kama mwenye ua na mkubwa wa mtaa, ni kwamba tumependeza, na kitu kizuri hakifutwi kwa sabuni. Jumamosi asubuhi wanaume walitoka na mikasi, wakapiga magoti, wakapunguza majamvi. Boda zilikatazwa kupiga honi. Mbuzi alipigiwa mluzi, akakataa kuja, akasemekana ni mbwa mwenye kiburi. Siku moja gari la wanajeshi kutoka upande wa Bilpam lilipita, likarudi nyuma. Ofisa alishusha kioo, akatutazama tulivyosimama wote wa kijivu, kila mmoja mlangoni kwake.

"Amekufa nani?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa," alijibu Mzee Jubek. "Tuna furaha."

Ofisa alitutazama tena. "Poleni," alisema, na gari likaondoka.

Gune alipopata habari alikuja mbio. Alikwenda mlango kwa mlango. "Wazee wangu, ilikuwa dhihaka! Niliwacheka!"

"Umetucheka vizuri sana, mwanangu," Mzee Jubek alimwambia. "Sasa usikanyage bustani."

Na Namukasa? Watu walidhani mwanamke mwenye mdomo ule ndiye angekuwa wa kwanza kupinga. Hakupinga. Alianza kufunga kazi mapema. Alinunua sahani ya pili. Ilipokaribia saa kumi na moja alijitazama kwenye kioo na kujipaka jivu taratibu, kama watu wengine wanavyojipaka poda. Soro alikula, akashukuru, akainua kofia, akaenda kulala kwake karibu na steji ya boda. Hakuwahi kumgusa hata mkono. Kila siku ilikuwa nzuri kama jana.

Kisha Lilly akaja kuchukua pazia. Huyu Lilly huuza chai Atlabara, karibu na chuo kikuu. Alipomaliza kukagua pindo alisema, "Mume wako wa sinema, mbona ananiogopesha? Anakaa pale kwangu ukutani tangu asubuhi, na mkoba mapajani. Hanywi chai. Haongei."

"Na pikipiki?"

"Pikipiki mafi. Hakuna."

Namukasa alikwenda kesho yake asubuhi. Alimkuta kweli, ameketi kwenye tofali, mgongo umegusa ukuta, tai imefungwa mpaka kooni, jasho limechora mistari kwenye jivu la mashavu.

"Soro, unafanya nini hapa?"

"Niko ofisini."

"Ofisi gani?"

Soro aligeuka akautazama ukuta. "Hii."

Namukasa alitafuta tofali lingine, akaketi. Wanafunzi walipita wakiwatazama.

"Pikipiki iko wapi?"

"Nimeifunika turubai. Mume wa zamani hapandishi abiria."

"Na unakula nini?"

"Kwako jioni."

"Soro! Hii ilikuwa sinema."

"Najua," alisema. "Mimi si mjinga, Mama Namukasa. Lakini kule kwangu nikiingia, hakuna anayeniuliza siku yangu ilikuwaje. Pale kwako unaniuliza."

Namukasa aliinuka kwenye tofali. Kisha hasira zikampanda, na ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi.

"Nauliza, halafu wewe unajibu nini? Nzuri kama jana! Kila siku nzuri kama jana! Wewe iko nakula chakula yangu, na mimi hapana jua hata kama una dada!"

Soro alifikiri. Alifikiri muda mrefu, hata Lilly akaacha kumimina chai ili asikie.

"Jana haikuwa nzuri," alisema mwishowe. "Jana nilinyeshewa. Nikasogea chini ya bati la yule wa kutengeneza simu, akanifukuza, akasema nafukuza wateja. Kisha mbuzi alikula kiatu changu kimoja nikiwa nimekivua. Nimevaa cha rafiki yangu. Kinabana. Dada ninao wanne."

Namukasa alitazama kiatu. Akaanza kucheka, si kile kicheko cha sinema. Alicheka kwa pua na mabega, akashika ukuta asianguke.

"Nenda ufunue pikipiki," alisema.

Alirudi nyumbani akakuta mteja anamsubiri, Aluel, mama wa bibi harusi, aliyetaka lawa nyekundu na njano kwa ukoo mzima. Wiki hiyohiyo Mzee Jubek alikuwa ametangaza kwamba mtaani kwetu tutashona rangi ya jivu tu. Namukasa aliosha uso kwenye beseni, akaanza kukata. Alishona siku kadhaa bila kuinua kichwa, na Alhamisi alasiri akazianika lawa zote kwenye kamba, kuanzia mlangoni kwake mpaka kwenye nguzo ya Mzee Jubek, juu ya majamvi. Ua mzima ukawaka.

Tulikusanyika. Mzee Jubek alikuja na fimbo yake.

"Binti yangu, wewe ndiye mke wa mfano. Ukiharibu wewe, nani atabaki?"

"Mzee, mimi nakuheshimu. Ua ni wako. Lakini watu wa harusi si watu wa msiba."

Kabla hajajibu, honi ya boda ililia langoni, ndefu, bila aibu. Soro aliingia na pikipiki mpaka katikati ya bustani. Uso wake ulikuwa wa rangi yake mwenyewe.

"Nimerudi," alisema.

"Siku yako ilikuwaje?"

"Mbaya sana!" Na Soro, yule mtu asiyependa maneno, akafunguka. Alieleza pancha ya tairi. Alieleza abiria aliyepanda na godoro na jogoo. Alieleza tope, foleni ya petroli, na mtu aliyemwita mwizi kwa makosa kisha asiombe msamaha. Ghafla mwalimu Owen, mume wa nyumba ya tatu, akavua tai na kusema, "Hata yangu ilikuwa mbaya." Mke wake akamgeukia: "Yako? Ngoja nikueleze yangu!" Ndipo mtaa mzima ukapasuka. Malalamiko ya wiki nyingi yalitoka kwa siku moja, kwa Kibari, kwa Kiarabu cha Juba, kwa Kiswahili cha kila namna. Watu walisahau kupika. Mbuzi alianza kula bustani na hakuna aliyemfukuza.

Mzee Jubek peke yake hakupiga kelele. Aliketi kwenye kiti cha Namukasa.

"Mama yangu alikuwa anauza kuni hapa Juba, kabla hatujakimbia," alimwambia. "Alipita mbele ya nyumba za wakubwa, kama hizi tulizoigiza. Hakuwahi kuingia. Mimi nilitaka kuona ndani palikuwaje."

"Na palikuwaje, Mzee?"

Alilegeza tai. "Panachosha," alisema. "Kalas. Basi."

Mvua za mwezi uliofuata ziliosha kuta. Gune alituonyesha filamu ukumbini, tukalia kwenye sehemu za jivu kwa kukumbuka zamani na kuzomea sehemu za rangi, hata yeye akatoka nje kabla ya mwisho.

Soro na Namukasa walikwenda Masaka kwa posa, Soro akasalimia kaka zake Namukasa, akajibu maswali yote waliyomuuliza na mengine ambayo hawakuuliza. Waliporudi walikwenda parokiani kuandikisha ndoa. Padri alishangaa. Alikuwa ameiona filamu, na alidhani ni mume na mke tangu zamani; aliwauliza wametengana lini. Ilibidi walete mashahidi wa kuthibitisha kwamba hawajawahi kuoana.

Harusi ilifanyika Jumamosi. Jumapili asubuhi Namukasa aliamka akakuta Soro ameshapika uji, umeungua kidogo, na anasugua sufuria kwa mchanga uani bila kusema neno. Akamwacha amalize.